Mama Aline na Flashi za Gaspard

Clarisse mwanangu,

Mama yako yuko chumba cha pili, amefungua tena begi lako, anatoa nguo, anazikunja, anazirudisha. Habari za chandarua, za maji ya kuchemsha na za kutokaa ukingoni mwa boti utazipata kwake. Usimkatize, ndiyo njia yake ya kulia. Mimi huko sina la kuongeza. Mimi nina swali lako.

Uliniuliza mchana tulipokuwa tunachambua maharage. Hukunitazama. Ulisema, "Baba, watu wanasema yule Mama Aline naenda kukaa kwake aliuza bwana wake kwa waaskari juu yako. Wanasema mulikuwa munapendana. Ni kweli?" Nikasimama, nikaenda kumwaga maji ambayo hayakuwa machafu. Kesho asubuhi utakuwa bandarini, na jambo kama hili halisemwi bandarini huku wapagazi wanagombania mizigo. Sasa couvre-feu, ile amri ya kutotoka usiku, imetufungia ndani, barabara imenyamaza, na mshumaa bado ni mrefu. Nakuandikia kwa Kiswahili cha shule nilichofundishwa Kigoma, huko unakokwenda, tulipokuwa wakimbizi, kile unachokicheka kila siku. Cha hapa Bujumbura nakijua kukisema, kukiandika siwezi.

Jibu fupi ni hapana. Lakini jibu fupi ungeweza kulipata kwa mtu yeyote, na usingekuwa na sababu ya kuliamini.

Lazima nianze na Gaspard mwenyewe, na lazima niseme kwamba alikuwa mtu wa kupendeza. Nikimfanya shetani tangu mwanzo hutaelewa kwa nini nilirudi kwake mara ya pili. Tuliporudi kutoka Tanzania, ule mwaka wa uchaguzi, watu wakiimba barabarani, nilifungua studio mtaani Kamenge, chumba kimoja chenye pazia la buluu karibu na mahali zinapogeuzia minibus. Wanafunzi walikuja kupiga picha za karangamuntu, zile za kitambulisho, wasichana walikuja kupiga picha za kuwatumia wachumba wao. Gaspard alikuwa na duka la kamera mjini, nyuma ya soko, lenye kabati la kioo na taa ndani yake. Vitu vyake vilitoka Dubai, vikashuka Dar es Salaam, vikaja kwa treni hadi Kigoma na kwa meli hadi hapa. Ukiingia alikupa kiti na soda kabla hajakuuliza umefuata nini. Alijua majina ya watoto wa wateja wake. Lako alilijua. Nyuma ya pazia la duka alikaa mke wake, Mama Aline, mwanamke wa Uvira, mnene kidogo, si msemaji, amepakata kisanduku cha vyombo vidogo vidogo. Mimi nilidhani anafuta vumbi.

Kamera niliyonunua hapo ilikuwa nzuri. Ilikuja na kadi ya garanti, karatasi ngumu yenye mhuri na maandishi ya rangi ya dhahabu, nami niliionyesha kwa watu kama mtu anavyoonyesha cheti cha ndoa. Mvua za mwaka ule hazijaisha, ikakwama. Nilikuwa kwenye ubatizo, padre ameshamwaga maji, mtoto analia, mimi nabonyeza, kimya. Nikamrudishia Gaspard, pamoja na kadi.

"Garanti iko ya kampuni, si yangu," akasema. "We tuma Nairobi, kwa wakala yao. Watakutengenezea bure."

Nikampa msafiri mmoja aliyekuwa anakwenda huko. Kamera ilirudi vilevile ilivyokwenda, imefungwa vizuri, na karatasi juu yake. Waliandika kwamba kamera ni yao kweli, imetoka kiwandani kwao, ila namba yake ni ya zile zilizotengenezwa kuuzwa nchi za mbali huko Asia, na garanti ya huko haifiki huku. Ule mhuri kwenye kadi, wakaongeza, ni wa duka wasilolijua.

Nilikwenda kwa Gaspard nimevimba. Akasoma karatasi, akanikumbatia. "Sylvère, bana, hata mi wananidanganyaka kule Dubai. Unazani mi napenda?" Akampata fundi wa kuizibua kamera. Halafu akafungua kabati, akatoa flashi, taa ya kupachika juu ya kamera, ndani ya boksi lake. "Chukua hii. Mpya, orijinali. Nakuachia bei ya ndugu, roho yako itulie."

Niliishika. Ilikuwa nyepesi kama boksi la kiberiti lililokwisha vijiti. Herufi za jina la kampuni zilikuwa zimepanda kidogo upande mmoja. Mwanangu, mkono wangu ulijua, nimeshika flashi tangu ujana wangu. Macho yangu nayo yalijua. Mdomo ndio uliosema asante, kwa sababu nilikuwa nimechoka kugombana, na kwa sababu mtu akishakukumbatia unaona haya kupima kitu chake mbele ya macho yake. Haya ile ina joto, inakuja masikioni. Nimeisikia tena mara nyingi tangu siku ile, na siku hizi masikio yakipata moto naweka kitu mezani kwanza, nakaa. Sijakwambia usiwaamini watu. Nakwambia tu lile joto nalijua.

Akanipa na kadi nyingine ya garanti. Nikaitia mfukoni.

Halafu vita vikatukuta Kamenge. Hapo wewe mwenyewe unakumbuka mengine, mengine umeyasahau na sitakurudishia. Askari waliingia asubuhi na magari ya chuma, wakapita nyumba kwa nyumba. Jirani yetu fundi viatu, walipomwambia atoke, alitoka na nyundo yake mkononi kwa sababu alikuwa kazini, wakampiga risasi kwa ajili ya ile nyundo. Studio iliungua na pazia lake. Tulitembea hadi Buterere kupitia mashamba ya mpunga, kamera na flashi nimezifunga kwenye kitenge cha mama yako, na kwenye mifereji kulikuwa na watu wamelala kifudifudi majini, mama yako akikuambia wamechoka. Wa kabila gani, waliua wa kabila gani, sitakuandikia. Wapo wengi watakaokuambia hata bila kuwauliza.

Buterere hatukuwa na kitu ila kazi yangu. Kwa hiyo niliposikia kuna harusi kwenye Quartier Industriel, mtaa wa viwanda, nilishukuru Mungu. Bwana harusi, Désiré, alikuwa mtunza ghala kwenye depo moja karibu na bandari, na tajiri wake alimpa hangari tupu afanyie sherehe mchana, watu wawahi kurudi makwao. Kwenye lango la depo walikaa askari, kwa sababu siku zile maguruneti yalikuwa yanatupwa kwenye baa na sokoni, na kijana mmoja mwenye bunduki alisimama kwenye mlango wa hangari lenyewe. Watoto walimpelekea mchele na nyama. Alikula akiwa amesimama.

Tulipofika kwenye picha ya familia nilimwita mama wa bwana harusi. Alikataa, akasema amelia sana, uso umevimba. "Njoo, mama," nikamwambia, "hii flashi itakurudisha kijana." Watu wakacheka. Akaja, akajipanga kati ya mwanawe na bibi harusi, akasimama wima kabisa kama watu wa zamani wanavyosimama mbele ya kamera.

Flashi ilianza kulia ule mluzi wake, ila juu kuliko kawaida, kama mbu ndani ya sikio. Nikabonyeza. Ikapasuka.

Hangari ni mabati, Clarisse. Sauti ndogo ndani yake ni kubwa, na hii haikuwa ndogo. Moto ulinipiga shavuni na kwenye kiganja, hili kovu ulilolichezea ulipokuwa mtoto. Nikaona weupe tu. Ndani ya weupe huo nikasikia bunduki.

Yule kijana wa mlangoni aligeuka na kufyatua ndani, bila kulenga, akizungusha. Wa langoni wakaja mbio wakafyatua pia, kwa sababu mwenzao anafyatua. Mama wa bwana harusi alikuwa bado amesimama pale nilipomweka. Zilimpata kifuani na shingoni, akaketi chini polepole, mkono ukitafuta kiti ambacho hakikuwepo. Bibi harusi alimlalia juu, gauni likanywa damu hadi kiunoni. Msimamizi wa harusi alikimbilia mlangoni ameinua mikono, anapiga kelele, "Ni picha! Ni picha!" Wakampiga usoni. Watu walirundikana kwenye mlango mdogo wa nyuma, mlango unafunguka kwa ndani, hawawezi kuufungua kwa uzito wao wenyewe, na risasi zikawakuta hapo. Waliokanyagwa walilia kwa muda mrefu kuliko waliopigwa.

Ilipotulia, askari mmoja aliniona nimekaa chini, uso mweusi, kiganja kimechunika. "Ni huyu," akasema. "Angalieni mukono yake."

Wakanipiga kwa vitako vya bunduki hapohapo, kati ya maiti. Meno yangu ya mbele yalibaki kwenye sakafu ile. Désiré bwana harusi alikuwa anatazama, mama yake mapajani, na alipiga kelele wanimalize. Simlaumu. Alikuwa ameniona nikimwita mama yake.

Kambini nilipelekwa mbele ya komanda, mtu nadhifu, mwenye sauti ya chini. Nataka uelewe hesabu yake. Kama kulikuwa na guruneti, vijana wake walifyatua kwa haki. Kama hakukuwa na guruneti, vijana wake wameua watu wa harusi. Alihitaji guruneti, na mimi ndiye niliyekuwa nimeungua mkono. Nikamwambia ni flashi. Askari mmoja alikuwa ameokota gamba lake, akaliweka mezani. Nikatoa ile kadi ya garanti, niliyokuwa natembea nayo mfukoni, nikidhani inanisaidia.

Komanda aliigeuza mara mbili. "Hii inasema orijinali, na garanti juu. Kitu orijinali kinapasuka?"

"Ni feki, mkuu. Muulizeni aliyeniuzia."

Wakamleta Gaspard. Alikuwa amevaa shati safi. Aliniona, akaona meno yangu, nikaona uso wake unabadilika, nikasema moyoni, ananihurumia, atasema. Lakini siku zile mfanyabiashara aliyekubali kuwa ameuza kitu kilichosababisha vifo mbele ya komanda alikuwa anajichimbia kaburi. Akanyanyua mkono kama mahakamani. "Mi sijui flashi feki. Dukani kwangu kila kitu iko orijinali. Ile aliyopasua, atakuwa aliweka kitu ndani."

Nilipigwa na waya wa umeme baada ya hapo. Sitakuandikia yote. Nitakuandikia tu kwamba ilifika mahali nikaanza kuwaambia ndiyo, ilikuwa guruneti, na wao wakaendelea, kwa sababu sasa walitaka na jina la aliyenipa.

Mama yako hakujua niko wapi hadi muuza makaa mmoja alipomwambia. Alikuchukua wewe, mkaenda nyumbani kwa Gaspard. Gaspard alikuwa bado anashikiliwa kambini kama shahidi, anapewa chai. Aliyefungua mlango ni Mama Aline. Mama yako ananiambia hakuomba kwa maneno mengi. Alisema, "Bwana wako anajua ile kitu ni ya bandia. Bwana wangu atakufa leo ao kesho." Mama Aline alikutazama wewe, umeshika kitenge cha mama yako, akaenda jikoni akakuletea ndizi, akafunga mlango. Mama yako alirudi akilia, akidhani ndizi ndiyo jibu.

Kesho yake Mama Aline alikuja kambini amebeba gunia kichwani.

Mimi nilikuwa uani, viwiko vimefungwa nyuma. Gaspard amekaa kwenye benchi kivulini. Alipomwona mke wake alisimama, na sijawahi kuona mtu akiogopa gunia namna ile.

"Unatafuta nini, mama?" komanda akauliza.

"Nikisema ukweli, mutaua mutu?"

"Sema. Hakuna mtu atakayeguswa."

Akashusha gunia, akamimina flashi chini kama mtu anayemwaga viazi. Nyingine hazikuwa na jina lolote. "Mutu huyu hakutupa kitu," akasema. "Hizi zinatokaka kule bila jina. Jina ni mi ninabandikaka, na mikono yangu. Hata muhuri ya garanti ni mi ninapigaka. Bwana wangu amewadanganya."

"Mama Aline!" Gaspard akalia. "Unaniua! Unaniua mbele ya watu!"

"Sikuui. Ninasema kitu tulifanya. Sisi wawili. Mi pia niko hapa."

Komanda akatabasamu. "Maneno. Nionyeshe inapasuka."

Mama Aline akachukua moja, akatia pili, betri zilizokuwa mfukoni mwake, akanyoosha mkono mbali na mwili wake. Komanda akatikisa kichwa. "Apana. Shika kama mwenye kupiga picha anavyoshika. Kwa uso."

Nilipiga kelele asifanye. Askari akanikanyaga shingo. Nikiwa chini hivyo, shavu kwenye changarawe, nilimwona akiinua ile flashi mpaka usoni. Akabonyeza. Mwanga ukapiga, basi. Akangoja mluzi, akabonyeza tena. Askari wakaanza kucheka, mmoja akajipanga mbele yake kama anapigwa picha. Akabonyeza tena, na tena. Akaitupa, akachukua nyingine. Mkono wake ulikuwa umetulia, mkono wa mtu wa vyombo vidogo. Gaspard alikuwa amefunika uso wake. Hakusema "acha". Nimemsubiri aseme miaka yote hii, kila ninapokumbuka, kana kwamba safari hii atasema.

Ya pili ilipasuka.

Wale askari walilala chini wote, hata komanda alijiinamia nyuma ya gari. Ile ndiyo ilikuwa hukumu yangu, wao wenyewe waliitoa kwa matumbo yao mchangani. Mama Aline peke yake ndiye aliyebaki amesimama. Jicho la kulia halikuwepo tena. Kulikuwa na kitu kinatiririka shavuni ambacho si damu tupu. Akasema, "Muliona?"

Ndivyo alivyosema. Muliona?

Komanda alijipangusa magoti kwa muda mrefu. Sasa guruneti hakuna, na watu wa harusi wamelala hospitalini na makaburini. Akamtazama Gaspard. "Kumbe bomu ni wewe unauzaka," akasema, na kwa sauti yake nilielewa kwamba amepata alichokuwa anakitafuta, na hesabu yake imekubali.

"Mulisema hamutagusa mutu!" Mama Aline akapiga kelele. Alijitupa mbele, wakamsukuma kwa mguu. Wakamburuta Gaspard nyuma ya jiko la kambi na mipini ya majembe. Hakuna ukuta mrefu pale. Tulisikia. Mwanzo aliita jina la mke wake, halafu la Aline, mtoto wao, halafu la mama yake, halafu ikawa sauti tu, halafu ikawa ni mipini peke yake. Mama Aline alikuwa amekaa chini, kitenge amekikandamiza jichoni, na kila pigo liliposhuka bega lake liliruka.

Wakanikata kamba. "Toka," wakaniambia. "Na yule mubebe, asinukishe hapa."

Sasa ndiyo sehemu wanayokusimulia vibaya. Ni kweli tulionekana pamoja, mimi na yeye, tukitembea njia ya mpunga kuelekea Buterere, tumejaa matope na damu. Tulikuwa tunambeba Gaspard. Mimi mabega, yeye miguu. Viganja vyangu havikuweza kushika kitu, kwa hiyo nilimkumbatia kwa viwiko, kichwa chake kifuani kwangu, mtu aliyekuwa radhi nife mahali pake. Njiani nilimchukia, nikamhurumia, nikachoka, nikamchukia tena. Mara nyingi tulimlaza chini tupumzike. Mama Aline alikuwa haoni vizuri, anajikwaa, na kila akijikwaa alimwomba radhi. Si mimi. Yeye, Gaspard.

Makaburini mjini palikuwa hapafikiki, palikuwa na mapigano. Tulimzika pembeni ya mashamba, kwa jembe la kuazima. Unaijua ardhi ya Buterere. Ukichimba kidogo maji yanakuja. Tulipomlaza, alielea. Ilibidi niingie kaburini, nimkanyage na mguu wangu hapa kifuani, wakati mke wake anasukuma udongo kwa mikono. Alifanya hivyo bila kunitazama. Tulipomaliza akasema, "Kila asubuhi alikuwa ananifanyia chai. Mwanaume wa hapa, anamufanyia bibi yake chai." Halafu akasema, "Enda. Mutoto wako anakungoya."

Hakuna kingine kilichokuwa kati yangu na mama yule. Hicho tu.

Maneno yalianza wiki ileile. Mara ya kwanza nilipoyasikia nilikuwa kwenye kibanda cha pombe, na mtu akasema kwa nguvu ili nisikie, kwamba kuna wanawake wanaouza waume zao wapate wapiga picha. Nilikuwa na mdomo. Ningesema. Lakini kumtetea ni kusimulia ya kambini, na siku zile hukujua nani anakunywa pembeni yako na kesho anakwenda kumwambia nani. Nikapima. Nikaona heri yeye aitwe malaya kuliko mimi niitwe tena kule. Nikanywa nikaondoka. Na ukinyamaza mara ya kwanza, mwanangu, ya pili inakuwa rahisi, na ya tatu hata husikii kwamba umenyamaza. Walimrushia mawe juu ya bati. Aline alipigwa na wenzake njiani. Ndugu za Gaspard walivunja duka wakachukua kabati la kioo. Siku moja tukasikia Mama Aline amepanda boti ya mizigo na mtoto wake, amekwenda Kigoma. Mama yako ndiye aliyekwenda bandarini kumuaga. Mimi sikwenda.

Mama yako hajawahi kuyaamini yale maneno hata kwa usingizi. Aliniosha mgongo siku niliporudi, aliyaona matope na aliijua damu ya nani ni ipi. Na ni yeye, si mimi, aliyesema utumwe Kigoma. "Unataka Clarisse ajifunze kamera," aliniambia. "Basi ajifunzie kwa mutu anajua feki ni nini." Mfanyabiashara wa mawese anayekwenda na kurudi ametuletea habari. Mama Aline ana duka dogo karibu na stesheni, anapiga picha za wakimbizi wenzetu, anatengeneza kamera. Anafukuza wateja, anasema yule mtu akicheka. Mteja akiuliza kamera iliyotumika, anamwambia kabla hajaishika: hii imefunguliwa, hii haina garanti, ile jina lake si lake. Wengi wanakwenda duka la pili, ambako wanaambiwa kila kitu ni orijinali. Anabaki na wachache, lakini wanarudi.

Tulimwomba akupokee. Jibu lake lilikuja kwa mdomo wa mtu wa mawese, na lilikuwa fupi: "Mumutume. Lakini ajuwe kwanza." Nilibeba sharti hilo kifuani tangu lilipofika, nikijiambia nitakueleza Jumapili, nitakueleza mvua ikipita. Leo ulipouliza wewe mwenyewe, tukichambua maharage, niliona haya hata zaidi.

Sasa unajua. Kama ukisoma hii ukaona huwezi kwenda kukaa na mtu mwenye historia ya namna hiyo pamoja na baba yako, sema asubuhi, boti itaondoka bila wewe, na hakuna atakayekugombeza. Kama unakwenda, nenda ukijua kwamba si mtakatifu. Alibandika majina ya uongo kwa miaka, na moja ya majina hayo lilimweka chini mama wa Désiré. Anajua. Usimpe habari hiyo kama kitu kipya, na usimwambie kwamba haikuwa kosa lake. Atakuchukia.

Ukifika, mtazame usoni. Yule mtu wa mawese ananiambia wateja humtazama mikono, ama ukuta ulio nyuma yake, kwa ajili ya lile jicho. Wewe mtazame. Msalimie kwa mikono miwili, mtajie jina lako lote na langu, kisha umwache aseme yeye kwanza, hata akichelewa.

Na akikuuliza kama Sylvère bado ananyamaza, mwambie hivi. Kesho boti ikishapotea machoni nitakwenda kwenye kile kibanda cha pombe. Kipo hadi leo, na baadhi ya watu wale wapo. Nitaagiza, nitakaa katikati, si pembeni, na nitasimulia haya yote kwa sauti, mchana, kwa majina. Sijui itakuwaje. Mama yako anajua nitakwenda. Ameniambia nivae shati safi.

Baba yako,
Sylvère